Jaji Asiyekula kwa Watu

Azarias hajawahi kumvutia mtu kwa maneno, kwa kuwa hana maneno mengi. Alicho nacho ni gari. Ni Toyota Sienna ya rangi ya majivu, yenye mlango wa pembeni usiofunguka mpaka uupige goti, na kama wewe ni Mkongo au Mrundi wa Columbus na hujawahi kulipanda, basi ulifika jana. Ameshapeleka wajawazito hospitali kwa gari hilo. Ameshahamisha makochi ya maharusi kutoka Whitehall kwenda Hilliard na, ndoa ilipowashinda, akayarudisha Whitehall. Wakati wa baridi, betri za watu zikifa, wanampigia yeye kwanza, ndipo wanaanza kusali.

Anafanya kazi kwenye ghala moja huko Hilliard, zamu ya alasiri, akibandika lebo kwenye maboksi ya viatu. Anaishi peke yake karibu na kazini, mbali na sisi wa Whitehall ambao tunasikiana kikohozi kupitia ukutani. Ni Mrundi kama mimi, amekulia kambini Tanzania kama mimi, na mke wake alifia kambini Nyarugusu. Hakuoa tena. Hasemi kwa nini, na mimi sijamwuliza, ingawa kuna watu wanaodai kwamba Fides huuliza kila kitu.

Fides ndiye mimi. Nalea wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee mchana, na katika muda uliobaki ni katibu wa chama chetu, kazi isiyo na mshahara wala shukrani. Nitakuja kwenye chama. Kwanza nieleze habari ya ndizi.

Mtu anayebeba makochi ya watu namna hiyo ungetegemea awe na kitambi. Kwetu ukimsaidia mtu kuhama, hutoki kwake bila sahani. Lakini kwa miaka yote aliyokaa Ohio, Azarias hakuwahi kuwekewa sahani nyumbani kwa mtu. Anashusha kochi, anafuta jasho, ndani kunanukia samaki wa kukaanga, halafu mwenye nyumba anamfuata mlangoni na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa na ndizi yenye ganda lake. Harusini hivyo hivyo. Wengine wanapakuliwa wali na nyama, yeye analetewa ndizi juu ya kitambaa cha karatasi, kwa heshima zote.

Chanzo cha mambo haya ni Mama Adolphine. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, jirani yangu wa ghorofa ya chini, na ndiye mpishi wa kila harusi na kila msiba upande huu wa mji. Azarias alipofika Columbus, Mama Adolphine alimwandalia chakula cha kumkaribisha: bugali, yaani ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, dagaa waliosafiri kutoka Ziwa Kivu ndani ya sanduku la mtu, kati ya nguo zake. Mgeni akakaa mezani, akanawa mikono, akaitazama sahani, kisha akasema, "Asante mama, nimeshiba."

Mama Adolphine mwenyewe ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika bila kumwuliza. "Tumbo yake ilikuwa inalia," husema. "Mi nasikia na masikio yangu, inalia sawa mutoto. Njo anasema ameshiba. Mutu mwenye njala anasemaka ameshiba juu ya nini? Juu anaogopa mukono yangu."

Inabidi ujue kwamba kule Kivu watu wanaogopa karuho, yaani sumu ya kutiliwa kwenye chakula na mtu unayemjua. Ndiyo maana mwenyeji mwenye adabu huonja kwanza mbele ya mgeni. Na ndiyo maana kukataa chakula cha mama wa watu, tena mbele ya wageni wengine, tena tumbo likiwa linanguruma, ni kumwita mwuaji hadharani. Habari ile ilifika kwa ndugu zetu wa Louisville kabla sahani hazijaoshwa. Kwa wenzetu wa Buffalo ilifika ikiwa imetiwa chumvi, na kule waliapa kwamba mgeni aliinusa sahani kwanza.

Watu wetu si wabaya. Hawakumchukia Azarias. Waliona mwenzao ana hofu yake, nao wakaiheshimu, wakawa wanampa vitu ambavyo hakuna mkono wa mtu umepita ndani yake. Ndizi ina ganda, maji yana kifuniko. Waliona wanamfanyia hisani kubwa.

Mimi ningeweza kumwalika, lakini ni mjane. Nikimkaribisha mwanamume asiye na mke aje kula kwangu Jumapili, Jumatatu Buffalo wangekuwa wameshachagua kitambaa cha sare za harusi. Nikaacha.

Siku moja ambayo hana zamu, ananirudisha kutoka kazini, tuko barabara ya 270, magari yamesimama, akasema bila kunitazama, "Dada Fides, kule kambini nilikuwa nakula kwa watu mpaka naona haya. Hapa natamani siku moja mtu aniambie tu, kaa, kula."

Nilimhurumia sana. Nikafikiri mtu anaweza kutamani chakula na kukiogopa vilevile, kama mimi ninavyotamani kwenda kumwona dada yangu na kuogopa ndege. Nikamwambia, "Mungu atakuponya, kaka." Akasema amina, akaendelea kuitazama barabara kwa mshangao kidogo.

Sasa tuje kwenye chama. Tuna familia Louisville, Columbus na Buffalo, na zote ziko katika umoja mmoja wa kuzikana, kuozana na kupatanishana. Mara moja kwa mwaka tunafanya mkutano mkuu ambao kila mtu anauita Bunge, na kila anayeingia pale, hata kama asubuhi alikuwa anaosha vyoo, anaitwa mheshimiwa. Wakongo wanasema "honorable", na wanalisema kwa sauti ya kutoka tumboni. Tuna Spika, Mzee Methodi, Mrundi mwenzangu, ambaye nyundo yake ni mwiko wa kusongea ugali. Tuna raisi, Papa Birindwa wa Louisville, mwenye suti tatu na sauti ya redio. Na tuna majaji, ambao Wakongo wanawaita bajuge.

Majaji wetu husuluhisha mambo ambayo huwezi kumpelekea jaji Mzungu: ng'ombe wa mahari waliobaki, nani alimtukana nani kwenye WhatsApp, mama mkwe aliyehamia na hataki kuhama. Walikuwa wanateuliwa na raisi. Papa Birindwa aliteua kwa uangalifu mkubwa na kila mara uangalifu wake ukamwangukia mtu wa kwao. Jaji mkuu alikuwa Kataliko, shemeji yake, mtu mnene mpole ambaye hakuna mlango aliowahi kupita bila kuingia kula.

Kataliko ndiye aliyeleta mageuzi, bila kukusudia. Kaka yake Sandrine wa Buffalo alikuwa na kesi ya mahari na wakwe zake wa Louisville. Kataliko akaamua wakwe wana haki, kijana aongeze ng'ombe. Hakuna aliyeshangaa mpaka picha ilipotokea kwenye Facebook ya wakwe, ya usiku wa kuamkia hukumu: jaji mkuu amekaa kiti cha heshima mezani, ameshika ubavu wa mbuzi kwa mikono miwili, macho ameyafumba kwa raha.

Sandrine ni mhudumu wa wagonjwa, yuko West Side ya Buffalo, na ukimchokoza unajuta. Aliandika muswada. Kwanza, majaji wachaguliwe na Bunge zima baada ya kuulizwa maswali, raisi asiteue. Pili, jaji asisikilize kesi ya mtu ambaye yeye jaji amekula nyumbani kwake. Watu wa Louisville waliposoma ile sehemu ya pili waligawanyika papo hapo, hata ndani ya ndoa.

Tulikutana Jumamosi baada ya sikukuu ya bata mzinga, ile Wamarekani wanayoiita Thanksgiving, katika ukumbi wa kanisa hapa Whitehall. Louisville walikuja na magari matatu, wakiwa wameondoka kabla ya kifungua kinywa ili wawahi. Buffalo walifungiwa na theluji, kwa hiyo walihudhuria kwa Zoom, wote wamejazana sebuleni kwa Sandrine mbele ya simu moja, sisi tukiwaona ukutani, zaidi vipaji vya nyuso. Jikoni Mama Adolphine alikuwa ameamka na masufuria yake, na harufu ya sombe ilikuwa inaingia ukumbini na kuharibu utulivu wa Bunge. Azarias alikuwa amebeba viti na spika za muziki. Alipomaliza akasimama nyuma, karibu na mlango, na mtu akampa ndizi yake.

Sandrine akaanza kutoka ukutani. "Ba-honorable, kule Ohio kwenu bajuge banapigiwa kura. Majina yabo munaionaka ku bibao mu manyasi ya batu, kando ya barabara. Sasa sisi, kwa nini tuko na juge wa shemeji?"

Papa Birindwa akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Bon. Na president wa hii inchi, anachaguaka bajuge ao hachagulake? Anachaguaka. Donc mimi nafuata sheria ya Amerika."

"Anachaguaka, kisha Senat inabauliza maswali," Sandrine akasema. "Weye unaulizaka nani? Bibi yako."

Ukumbi ukacheka, na bibi yake Papa Birindwa, yaani mkewe, ambaye alikuwa mstari wa mbele, akacheka kuliko wote. Spika akapiga mwiko. Kataliko akaomba kujitetea. Alisimama taratibu, mikono kifuani, akasema kwa unyonge wa kweli, "Ile mbuzi nilikula sawa mugeni, hapana sawa juge." Kuna watu waliopiga makofi. Mimi niliandika maneno yale kwenye kumbukumbu za mkutano nikiwa nimeuma shavu nisicheke.

Papa Birindwa akahesabu vichwa kwa macho na akaona kura hana. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo naliheshimu, ingawa lilikuwa la hila. Aligeuka kuwa mwanamageuzi.

"Ba-honorable," akasema, "mi siogope hii réforme. Mi naona iko mwepesi. Tuikaze. Juge asikuwe mutu mwenye alishakulaka kwa membre yoyote wa chama, hata kikombe ya chai. Na akishakuwa juge, asikule kwa mutu mupaka kufa. Iko muzuri? Na kama mutu wa vile anakosekana, bon, president ataendelea kuweka bajuge sawa zamani."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu wa mageuzi walishangilia kwa kuwa sheria imekuwa kali. Watu wa Birindwa walishangilia kwa kuwa walijua hakuna binadamu wa namna hiyo katika miji yote mitatu. Kwa dakika moja Bunge letu lilikuwa kitu kimoja. Sandrine peke yake ndiye aliyeuona mtego. Tulimwona ukutani anainuka, anaweka mkono mbele, anasema, "Hapana, musikubali, hiyo ni..." Na picha ikaganda pale pale, mdomo wazi, kidole juu. Mzee Methodi, ambaye ni mtu wa haki lakini si mtu wa mitambo, alimsubiri kwa adabu amalize, akaona hamalizi, akaitisha kura. Nyongeza ikapita.

Kisha Spika akauliza kama yupo mwenye sifa. Ruhimbika wa Louisville, ambaye amegombea kila kitu tangu aingie Amerika, akainua mkono na kusema yeye hajawahi kula kwa mtu. Mkewe akamwuliza, bila kusimama, yale maharage ya msiba wa kwa Cubaka yaliliwa na nani. Akashusha mkono. Mwingine akasema alikula lakini alitapika, je, inahesabika. Spika akasema inahesabika. Papa Birindwa akaanza kufungua kifungo cha koti, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku, na Kataliko akaanza kutabasamu.

"Iko moja," ilisema sauti kutoka jikoni.

Mama Adolphine alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Hakuwa na nia ya kumfanyia Azarias wema. Alikuwa na kidonda cha miaka, na sheria ilikuwa imempa nafasi ya kukionyesha mbele ya miji mitatu. Akanyoosha upawa hadi nyuma ya ukumbi. "Ule pale. Papa Azarias. Hanakulaka kwa mutu. Hata kwangu alikatala."

Vichwa vyote viligeuka. Azarias alikuwa katikati ya kumenya ndizi.

Papa Birindwa alikaa chini polepole, akitafuta kiti kwa mkono. Na ukutani, kana kwamba mtandao ulikuwa unasubiri jambo hili, picha ikafunguka, Sandrine akauliza, "Nani? Nani?" na alipoambiwa, sebule nzima ya Buffalo ikapiga vigelegele. Mwenye sifa amepatikana. Raisi hateui tena. Watu walisimama, wakamsukuma Azarias mbele kwa furaha, wakimpigapiga mgongo, wakimwita honorable juge. Yeye alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu hivyo. Alikuwa hajazoea kushangiliwa.

Alipofika kwenye meza ya Spika akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huli kwa watu," Mzee Methodi akasema.

"Nani amesema sili?"

Mtu mmoja akakohoa. Spika, ambaye hajui kuzunguka neno, akamweleza yote: bugali ile, tumbo lile, karuho, maji yenye kifuniko. Nilimtazama Azarias usoni wakati anasikiliza. Alikuwa anaziona ndizi zote alizopewa, moja baada ya nyingine, na kila moja sasa ilikuwa na maana. Nilitamani sakafu inimeze, maana nami nilimwambia Mungu atamponya.

"Nilikuwa nimefunga," akasema hatimaye. "Nilikuwa nimemwekea Mungu nadhiri kambini, kwamba akinifikisha salama nitafunga siku tatu za kwanza. Na Yesu amesema ukifunga usijionyeshe kwa watu. Ujipake mafuta, unawe uso. Kwa hiyo nikanawa, nikasema nimeshiba."

"Na hukumwambia mtu?" Spika akauliza.

"Yesu amekataza, mzee."

Nikamtafuta Mama Adolphine kwa macho. Alikuwa ameshusha upawa. Mchuzi ulikuwa unamdondokea kwenye kiatu na haoni.

Spika akarudi kwenye kazi. Sheria ni sheria, akasema, imepita kwa kura, na kiti ni cha Azarias akikitaka. Azarias akauliza ni kweli kwamba akiapa hatakula kwa mtu mpaka kufa. Akaambiwa ni kweli. "Hata sasa ambapo nimeeleza?" Hata sasa.

"Basi sikitaki," akasema. "Mnisamehe. Nimekula bata mzinga ninayepewa kazini peke yangu kila mwaka, namkatakata namchemsha, ananifikisha Krismasi. Mimi nataka kualikwa."

Papa Birindwa akachangamka, akasimama kwa mara nyingine. Ikiwa mwenye sifa amekataa, basi hayupo, na ikiwa hayupo, kifungu kinasema wazi. Kataliko tayari alikuwa ananyoosha tai. Hapo Sandrine akaanza kusihi kutoka ukutani, na safari hii hakuwa na ukali. "Papa Azarias, pardon. Ukikatala, banarudisha ule wa mbuzi. Kaka yangu anapoteza bibi yake juu ya ile hukumu. Ni weye tu uko nayo mu mukono."

Ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu aliona. Mtu aliyetaka sahani moja tu ya chakula alikuwa ameshikilia haki ya miji mitatu, na ili aitoe ilibidi asile tena mezani kwa mtu. Niliona hasira mpaka kalamu ikanitoboa karatasi. Azarias aliitazama ile sura ukutani. Kisha akaiweka ndizi juu ya meza ya Spika, akafuta vidole kwenye suruali.

"Kama hakuna njia nyingine," akasema, "nitaapa."

Mzee Methodi akamsogezea kipaza sauti. Azarias akainua mkono wa kulia, akavuta pumzi. Na tumbo lake likanguruma.

Lilinguruma kwenye kipaza sauti. Spika za muziki alizozibeba mwenyewe asubuhi zikalichukua na kulitangaza ukumbi mzima, refu, lenye kupanda na kushuka, na sekunde moja baadaye tukalisikia tena likirudi kutoka Buffalo. Hakuna aliyecheka. Wote tulikuwa tumelijua tumbo lile kwa masimulizi, na sasa tumekutana nalo.

"Mheshimiwa," Spika akasema kwa upole, "umekula leo?"

"Nime..." Azarias akaanza. Akageuka, akamtazama Mama Adolphine kule mlangoni. "Nina njala, mama," akasema. "Siku ile pia nilikuwa na njala."

Mama Adolphine alirudi jikoni, nasi tukasikia mifuniko ya masufuria ikifungwa, mmoja mmoja, kwa nguvu. Kisha akatoka na kusimama mbele ya mlango wa jikoni, mikono kiunoni.

"Bon," akasema. "Mi nasema ivi. Hapana mutu atakula hapa leo mupaka ile maneno ya Papa Birindwa itoke mu sheria. Ya Sandrine ibakie, ile yake ya kwanza. Ya Birindwa itoke. Nangoja."

Papa Birindwa akasema huo ni utekaji nyara wa taasisi. Spika akatafuta kifungu kinachohusu jikoni, hakukiona. Lakini watu wa Louisville walikuwa wametoka kwao alfajiri na tumbo tupu, na harufu ya sombe ilikuwa imewafanyia kazi tangu asubuhi. Ruhimbika ndiye aliyetoa hoja ya kufuta nyongeza. Kataliko, Mungu ambariki, ndiye aliyeiunga mkono, kwa sauti, akiwa ameshaelekea foleni. Mikono iliyoinuka sikuihesabu, hapakuwa na haja. Tangu siku ile majaji wetu wanachaguliwa na Bunge, na ukitaka kujua mageuzi makubwa ya sheria hupitaje, usiniulize habari ya hotuba.

Mama Adolphine alimwekea Azarias kiti cha heshima mezani. Akaleta bugali wa moto, sombe, sambaza. Spika akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kama kula kanisani ni kula nyumbani kwa mtu. "Sufuria ni yangu," Mama Adolphine akasema bila kumtazama. "Pale iko sufuria yangu, iko kwangu." Nikaandika hivyo hivyo.

Kisha akafanya kama desturi inavyotaka. Akamega tonge kwenye sahani ya mgeni, akalichovya, akalipeleka mdomoni mwake ili aonje kwanza mbele ya watu wote. Azarias akamshika mkono. Akamtoa lile tonge vidoleni, taratibu kabisa, akalila yeye.

Alikula akiwa ameinama, hazungumzi, na sisi tulisahau kupakua chakula chetu tukimtazama, na Buffalo walisogeza nyuso kwenye simu mpaka ukutani pakawa na macho matupu. Mama Adolphine alikuwa anajifuta uso kwa kitenge na kusema ni moshi, katika jiko la umeme. Alimwongezea. Akamwongezea tena. Mwishoni Azarias alikuwa amelegeza mkanda, jasho linamtoka, anapumua kwa shida.

"Umeshiba?" Mama Adolphine akamwuliza.

Azarias akaisogeza sahani mbele. "Bado, mama," akasema.

Akamwongezea.